Pesa ya nyaya za bafle: nilivyohesabu mimi

Mimi ni fundi wa bobinaji. Mota ya mashine ya kusaga mahindi ikiungua, au pampu ya kisima ikigoma, wananiletea hapa komini ya Kenya, mjini Lubumbashi, Kongo (si nchi ya Kenya). Naifungua, nakata nyaya zilizoungua, nahesabu mizunguko, nasuka upya. Waya wa kazi yangu unauzwa kwa kilo, na huu ni mwaka wa 19 nanunua shaba kwa kilo. Kwa hiyo mtu akinikuta nyumbani Katuba nasikiliza muziki, akauliza nyaya za bafle, yaani spika, zinunuliwe kwa pesa ngapi, jibu langu linaanzia kwenye mizani.

Mwezi uliopita swali hilo liliingia mpaka katika ukoo, ndiyo maana nimeona niliandike.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, ni mtu ninayemheshimu sana. Siku ya kupeleka mahari ndiye aliyenisemea mbele ya wazee wao, na sijasahau. Anakaa upande wa Golf, ana sebule kubwa na vyombo vya muziki ambavyo nikiviona mate yananitoka. Safari hii alirudi kutoka Afrika Kusini na nyaya mbili za bafle, kila moja mita 3, ndani ya sanduku la mbao lililotandikwa mahameli. Alilipa dola 480. Ndani mlikuwa na cheti kigumu, na juu yake kwa wino wa dhahabu: shaba safi, 99.99%.

"Shemeji, soma hapa," akaniambia. "Hii haiko shaba ya kila siku."

Nikasoma, nikarudia. Nilimjibu kwa adabu, lakini roho iliniuma, kwa sababu namba ile sisi watu wa Lubumbashi inapita mbele ya macho yetu kila siku. Malori yanayopanga foleni kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yamebeba mabamba ya shaba, katodi, na katodi ya daraja la A inayokubaliwa kwenye soko la metali la London lazima iwe na usafi huo huo wa 99.99%. Bila huo haipokelewi. Shaba ya waya wa kawaida, ule unaowasha taa ya jikoni kwako, nayo ina usafi wa 99.9% au zaidi. Mafundi wa dunia wana kipimo kimoja tangu mwaka 1913: walichukua shaba iliyolainishwa kwa moto, wakasema jinsi inavyopitisha umeme iitwe 100. Waya wa kawaida unafika 100 au unapita kidogo. Ile inayosifiwa kwamba haina oksijeni inafika 101. Asilimia moja basi, na asilimia hiyo unaipata ukinunua waya ulionenepa kwa unywele.

Halafu nikafanya hesabu ambayo mkono wangu umeizoea. Nyaya zake mbili, kila moja ina njia ya kwenda na njia ya kurudi, jumla mita 12 za shaba. Tuseme ni nene, milimita za mraba 4. Hiyo ni gramu 430 za shaba. Mwezi Mei 2024 tani moja ya shaba ilipita dola 11,000 kule London, bei ambayo ilikuwa haijawahi kuonekana. Hata kwa bei hiyo, shaba yote iliyomo katika sanduku la shemeji haifiki dola 5. Kiwanda lazima kilipwe, plastiki ilipwe, fishi (plagi) zilizopakwa dhahabu zilipwe, na mwenye duka naye ana watoto. Weka dola 40, weka hata 60. Mimi nauliza zile 420 zilizobaki zimelipia kazi gani, na nauliza kwa sababu zimetoka katika mfuko wa mtu wangu.

Wauza vyombo wengi wana kanuni moja wanayoipenda: asilimia 10 ya pesa uliyonunulia ampli (kikuza sauti) na bafle, weka kwenye nyaya. Inasikika kama busara. Lakini waya hauna njia ya kujua ampli yako ilinunuliwa bei gani. Waya unajua mambo matatu: umbali kutoka ampli hadi bafle, unene wa shaba yake, na omu za bafle iliyoko mwisho, yaani ukinzani wake, jinsi inavyoupinga umeme. Ukishayapata hayo matatu, bei ya waya imeshajulikana, iwe ampli ni ya dola 50 au ya dola 5,000.

Nitatoa mfano wa sebule yangu. Ampli yangu ni ya mtumba, ya Japani, wati 45 kila upande. Pamoja na bafle mbili za omu 6, vyote vilinigharimu dola 260. Priza (soketi ya umeme) ni moja tu, kwenye kona, kwa hiyo ampli inakaa huko huko. Bafle ya kushoto iko mita 3. Ya kulia lazima waya uzunguke mlango wa chumba cha watoto, mita 7. Kanuni ambayo mafundi wa sauti wanaiheshimu ni kwamba ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usipite asilimia 5 ya omu za bafle. Kwa omu 6, mpaka wangu ni omu 0.3.

Waya laini wa 2×2.5, yaani njia mbili za shaba, kila moja milimita za mraba 2.5 za nyuzi nyingi nyembamba, una omu 0.008 kwa mita. Mita 7 kwenda, mita 7 kurudi, ni omu 0.11. Niko ndani ya mpaka na nafasi imebaki kubwa. Wa 2×1.5 ungenipa omu 0.19, nao ungetosha. Wa 0.75 ungefika 0.36, umeshavuka. Na ule mwembamba kama uzi wa kushonea viatu, wa 0.5, ambao mara nyingi unakuja bure ndani ya katoni ya vyombo, ungenipa zaidi ya omu 0.5. Hapo sauti inapungua, na kuna jambo baya kuliko kupungua: omu za bafle hazitulii mahali pamoja, zinapanda na kushuka kulingana na noti inayopigwa, na waya wenye ukinzani mkubwa unakata zaidi pale omu zinaposhuka. Muziki unabadilika umbo. Gitaa la besi, ambalo katika rumba ndilo linalobeba nyumba nzima, linaweza kulegea. Kwa hiyo nyaya zina kazi, na msimsikilize anayesema waya wowote ni sawa.

Kuna waliokuja kuniambia kwamba mita 3 huku na mita 7 kule lazima sauti moja itangulie au izidi. Tofauti ya ukinzani kati ya pande zangu mbili ni omu 0.06. Ukiigeuza kuwa nguvu ya sauti ni chini ya sehemu moja ya kumi ya desibeli, na mimi nikisogeza kiti changu kwa shubiri moja nabadilisha zaidi ya hapo.

Sasa niwaambie pale nilipopoteza pesa mimi mwenyewe, ingawa ni fundi.

Waya wangu wa kwanza wa 2×2.5 niliununua katika duka moja la katikati ya mji, mita 10, dola 9. Ngozi yake ilikuwa ya plastiki angavu, unaona nyuzi ndani zinang'aa nyekundu. Bei nzuri, nikafurahi. Nilipouinua kuutia katika mfuko, mkono wangu ulistuka. Aliyebeba shaba miaka mingi ana mizani katika kiganja. Ulikuwa mwepesi kama mkeka.

Pembeni ya karakana yangu kuna mama anayeuza samaki wakavu kwa kupima. Nikamwomba mizani yake. Akafuta sahani kwa kitenge, nikaweka waya: gramu 420, pamoja na plastiki. Shaba peke yake, mita 10 za nyuzi mbili za 2.5, ni karibu gramu 450 kabla hujaongeza plastiki. Waya wa kweli ungekaribia gramu 700. Nikavua ngozi sentimita mbili kwa wembe, nikachagua unywele mmoja, nikaukwaruza kwa makali taratibu. Wekundu ulitoka kama rangi ya kucha, chini yake mweupe. Alumini iliyopakwa shaba. Nikawasha kibiriti cha gesi, nikaushika unywele ule kwenye moto. Ulipinda, ukaji­kunja, ukawa tone. Unywele wa shaba ungekuwa mwekundu tu na kubaki mzima, maana shaba inayeyuka kwenye nyuzi joto 1,085 na alumini kwenye 660. Yule mama alikuwa ameinama pamoja nami. "Kumbe na fili wanazichanganyaka," akasema, yaani hata nyaya wanazichanganya, kwa sauti ya mtu aliyesikia habari za msiba.

Niliurudisha dukani. Nikajibiwa kwamba kitu kikishakatwa hakirudi.

Alumini si metali mbaya, tuelewane. Inapitisha umeme, na ukiinunua kwa jina lake na kuongeza unene, inafanya kazi. Kosa ni kuiuza kwa jina la shaba, tena katika mji huu, ambapo tanuri la kwanza la kiwanda liliwashwa mwaka 1911 na shiminé yake, bomba lile refu la moshi, bado inaonekana kutoka kila pembe. Alumini ile yenye koti inapitisha umeme kama sehemu sita kwa kumi za shaba, kwa hiyo 2.5 yake ni sawa na 1.5 ya kweli. Na nyuzi zake ni dhaifu: ukikaza skurubu ya bafle mara mbili tatu zinakatika moja moja, mpaka unabaki umeshikilia nyuzi tano. Ukienda kununua, chukua wembe na kibiriti, na umwombe muuzaji ruhusa kabla hajakata. Anayeuza shaba ya kweli hakatai. Sumaku haitakusaidia hapa, haishiki shaba wala alumini. Inafaa tu kumfichua yule anayepaka shaba juu ya chuma.

Waya nilionao leo nilikwenda kuutafuta kwenye duka la vifaa vya umeme, halina hata bafle moja ndani. Waya laini wa 2×2.5, dola moja na nusu kwa mita, mita 10, dola 15. Noti yangu ya kumi ilikuwa na mchaniko mdogo kwenye pembe, ikakataliwa kama kawaida ya hapa kwetu, nikamalizia kwa franka.

Nilirudi kwa shemeji na waya wa aina hiyo hiyo. Sikwenda kumshinda, nilitaka tusikilize pamoja bila macho kutuingilia, naye alikubali bila kinyongo. Tulikata vipande viwili vya mita 3, sawa na vyake. Nilikuja na voltimeta, nikahakikisha volti kwenye skurubu za bafle ni zile zile kwa waya wake na kwa wangu, kwa sababu sikio likisikia sauti iliyozidi kidogo hudhani ni nzuri zaidi. Binti yake alikaa nyuma ya pazia na dadu ya ludo: ikitoka namba witiri anafunga nyaya zangu, ikitoka shufwa anafunga za baba yake, anaandika katika daftari, hasemi neno. Mara 12. Wimbo mmoja, dakika moja, ule ule: gitaa kavu la Katanga la zamani, kidole na uzi, ambalo shemeji analijua tangu akiwa mtoto Likasi.

Nakumbuka mara ya nne. Shemeji alifumba macho, akainua kidole, akasema, "Hii ni yangu, sikia vile uzi wa juu unavyokaa." Nami nilikuwa nimeshaandika ni yake. Ulikuwa waya wa dola moja na nusu.

Yeye alipata 7 kati ya 12. Mimi nikapata 5. Anayebahatisha anatarajiwa kupata 6. Ili niamini kwamba mtu anasikia kweli, ningetaka afike angalau 10, kwa sababu kubahatisha mpaka 10 kunatokea kama mara mbili tu katika mia. Mara 12 ni chache, nakubali, na mwenye subira afanye 30. Lakini kwingine wamefanya kwa dau kubwa. Mwaka 2007 James Randi wa Marekani, mfanya mazingaombwe aliyejulikana kwa kufichua madai ya uongo, alitangaza kwamba atakayetofautisha kwa sikio nyaya za bafle za dola zaidi ya 7,000 na nyaya za kawaida nzuri atachukua dola milioni moja. Pesa ile haikuchukuliwa.

Shemeji alikaa kimya. Kisha akasema, "Mimi nikiziangalia tu zinanifurahisha." Hilo nimelipokea. Mtu anaruhusiwa kununua kitu kizuri cha kutazama. Ninachokataa ni kijana wa miaka 24 mwenye ampli ya dola 80 kuambiwa kwamba muziki wake hautakuwa muziki mpaka akope.

Baada ya waya wa bafle kuna ule mfupi wa kutoka kwenye simu, redio au platini (ile ya kupigia santuri) kwenda kwenye ampli, wenye fishi nyekundu na nyeupe. Huo unabeba sauti ndogo sana. Ya platini ni milivolti chache tu. Hapa dola 8 zina maana kuliko dola 2, na sababu ni ngao, zile nyuzi za nje zinazozuia kelele za umeme zisiingie katika sauti. Nilipasua mmoja wa dola 2: ndani, ngao ilikuwa nyuzi sita zimelala upande mmoja, zimesokotwa kama mkia wa panya. Ule wa dola 8 una wavu unaozunguka pande zote. Usivuke mita moja na nusu kama huna haja, na usiulaze pamoja na waya wa umeme. Zaidi ya dola 10 hapo sijaona ninachonunua.

Ncha za nyaya zinahitaji wembe kuliko pesa. Shaba iliyo wazi inapoteza mng'ao na kuwa ya kahawia, na penye unyevu inaweza kugeuka kijani, kama kijani cha jiwe la malakiti mnachokiona kwenye vinyago vinavyouziwa wageni mjini. Kila mwaka kabla mvua hazijaanza nakata sentimita mbili, navua ngozi upya, nasokota, nakaza. Dakika kumi.

Sasa umeme wenyewe. Zipo nyaya za priza za dola 200, mita mbili, zinazoahidi kusafisha umeme. Umeme wetu unatoka kwenye mabwawa ya Lualaba na Lufira, na mwingine unatoka mabwawa ya Inga, mbali kwenye mto Kongo, kwa laini ya kilomita karibu 1,700 iliyoanza kufanya kazi Kolwezi mwaka 1982. Laini kubwa za juu namna hiyo kwa kawaida ni alumini iliyozungushwa juu ya chuma. Kisha unapita transfoma, nguzo za mtaani, na nyaya ambazo jirani ameunganisha kwa plastiki ya mfuko. Mita mbili za mwisho haziwezi kuurekebisha.

Kinachoua vyombo ni umeme kurudi. Miaka mitatu iliyopita ulirudi saa nane za usiku kwa nguvu isiyo yake, na transfoma ya ampli yangu ikanuka vanishi mpaka chumbani. Niliisuka upya mwenyewe, jioni tatu, mizunguko kwa mamia, mke wangu akinishikia taa. Asiye bobineri angekuwa ametupa ampli. Tangu siku ile nina stabilizateri (kifaa cha kutuliza umeme) ya dola 75, ile inayosubiri dakika tatu kabla ya kuachia umeme, na ndiyo pesa nzuri kuliko zote nilizotoa kwa ajili ya muziki.

Na ule mngurumo wa chini, hertzi 50, ambao watu wengi wanaukimbiza kwa kununua nyaya ghali? Kwangu ulitoka kwenye parabole, dishi la televisheni. Sahani yake ilikuwa imeunganishwa na ardhi nje, ampli nayo ina waya wake wa ardhi ndani, na kati ya ardhi hizo mbili umeme ulikuwa unatembea kupitia waya wa sauti. Nilipochomoa waya wa parabole, mngurumo ukakatika kama umekatwa kwa kisu. Nikaleta kila kitu kwenye ralonji moja (waya wa kurefusha priza), na ardhi moja: mfito wa shaba wa mita moja na nusu uani. Mwezi wa nane udongo wetu mwekundu unakauka kama tofali, haupitishi kitu, kwa hiyo kila Jumamosi naumwagia mfito ndoo ya maji. Watoto wanasema baba anamwagilia umeme. Na tafadhali, asije mtu akakwambia ukate waya wa ardhi ili mngurumo uishe. Mngurumo utaisha, na siku ampli itakapovuja umeme, njia itakayobaki ni mwili wa mtoto.

Yote yakijumlishwa: dola 15 za waya wa bafle, 8 za waya wa fishi, 75 za stabilizateri, 20 za mfito na clampi yake. Na zile 9 nilizozipoteza.

Shemeji ameniita Jumamosi hii. Nakwenda Golf na mfito, nyundo ya kilo tatu na ndoo mbili za maji. Nyaya za sanduku zitabaki pale zilipo, ni zake na ni nzuri. Lakini ile ralonji nyembamba inayopita chini ya zulia, iliyobeba ampli, friji ndogo na televisheni kwa pamoja, nimeshamwambia nitaing'oa siku hiyo hiyo, na amesema nije na waya wa kilo.